Bastola ya Bei Rahisi ya Papa Faustin

Vijana wawili waliochukua nafasi yangu, mmoja wa Goma na mwingine wa Nakuru, waliniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa. Walitaka iwe kwa Kiswahili, kwa sababu maelezo yote ya klabu yako kwa Kifaransa na Kiflemi, yamebandikwa ukutani, na hakuna anayeyasoma. Nilipandishwa cheo lini na nililipwa nini, hayo hayawahusu wala hayachekeshi. Nitaandika kuhusu kazi yenyewe, na kuhusu Papa Faustin, kwa kuwa ninyi vijana mmeniuliza mara nyingi kwa nini nilikuwa nafoka mtu akigeuza shingo tu akiwa kwenye njia ya kulengea.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nyumbani nilikuwa sajini wa polisi, mtunza ghala la silaha Dodoma. Nilikuja Brussels kumfuata mume wangu, dereva wa ubalozi. Alipofariki sikuwa na sababu ya kubaki, wala sikuwa na moyo wa kurudi. Nikawa nasafisha ofisi karibu na kituo cha Schuman, mpaka mwenzangu mmoja aliponiambia kwamba kuna klabu ya walenga shabaha upande wa mfereji, inatafuta mtu wa usafi.

Klabu ilikuwa chini ya ardhi, katika ghala la kiwanda cha bia kilichofungwa zamani. Njia sita za kulengea, na mwisho wake ukuta wa mpira na mchanga wa kupokea risasi. Ghorofa ya juu kulikuwa na baa yenye meza chache na mashine ya kahawa iliyokuwa inapiga kelele kuliko bastola nyingine.

Aliyenipokea ni Bwana Jef, Mflemi, msimamizi wa uwanja na fundi wa silaha. Kidole chake kimoja cha mkono wa kushoto hakikuwa na ncha. Niliona ufagio pembeni nikauchukua. Akaninyang'anya.

"Ukifagia hapa unavuta risasi kwa pua," alisema. "Vumbi hili ni madini ya risasi. Halinuki, na halitoki mwilini."

Akanipa mashine ya kufyonza vumbi, barakoa na ovaroli, na akanikataza kuipeleka ovaroli nyumbani. Mafunzo ya siku ya kwanza yaliishia hapo. Sikula chochote kule chini tangu siku hiyo, hata peremende. Nanyi msile.

Miezi kadhaa baadaye Jef alinikuta nimetoa magazini, lile kasha la risasi, kwenye bastola iliyokwama ya mwanachama mmoja na kuilaza mezani ikiwa wazi, mtutu ukielekea ukutani. Akaniuliza nimejifunza wapi. Nikamwambia. Akauliza kwa nini sikusema mapema. Nikamjibu kwamba tangazo lilitaka mtu wa usafi. Kuanzia wiki ile alinifundisha, na baada ya mitihani yao nikawa msaidizi wake. Usafi uliendelea kuwa wangu pia. Klabu haikuona haja ya kumtafuta mwingine.

Jef hakuwa mwalimu wa maneno mengi. Kitu alichorudia ni kimoja. Bastola ikilia, kila mtu anaiheshimu. Isipolia ndipo watu wanaigeuza na kuitazama usoni. Pini imegonga fataki, kile kidonge cha kuwashia baruti kwenye kitako cha risasi, risasi haikutoka, mtu anadhani silaha imekufa. Kumbe imelala tu. Kwa hiyo bastola isipolia, simama vilevile, mtutu mbele, subiri. Toa kidole. Toa magazini. Fungua. Kisha inua mkono wako wa pili uniite. Alinifanya niseme maneno hayo kwa Kifaransa, kwa Kiflemi na kwa Kiswahili, ingawa hakujua Kiswahili. Alisema siku ya hofu mtu huongea lugha ya mama yake.

Katikati ya miaka ile ilikuja sheria mpya ya silaha, na watu wakaanza kufukua vitu vya babu zao. Walitakiwa kuvipeleka polisi, lakini wengine walituletea sisi. Bibi mmoja alishuka ngazi na mfuko wa sokoni. Juu kulikuwa na viazi, chini bastola ya wakati wa vita imefungwa kwa kitambaa cha jikoni. Jef alipoifungua akanionyesha kwa macho tu. Ilikuwa imejaa risasi. Bibi alikuwa amekuja nayo kwa tramu. Tulipomaliza kuifanya salama na kuipokea, alisimama akisubiri. Jef akamuuliza kama kuna lingine. Akasema ndiyo, anataka kitambaa chake.

Baadaye mikono ya Jef ikaanza kutetemeka. Vipimo vya damu vilionyesha madini ya risasi mengi mwilini. Miaka yake ya kwanza kazini hakukuwa na barakoa. Aliacha kazi, akaingia nyumba ya wazee, na nilipokuwa nikimtembelea mara za mwisho alikuwa akiniita kwa jina la dada yake. Nikawa msimamizi wa uwanja.

Sasa mwelewe wanachama walikuwa watu gani. Wengi walikuwa watu wazima wapole, wenye vibali vyao vyote, wanaokuja Jumamosi mchana kutoboa karatasi na kisha kupanda juu kunywa bia na kubishana. Ubishi ulikuwa mmoja miaka yote: bastola ya bei rahisi inafaa au haifai? Kuna waliosema rahisi ni ghali: chuma laini, magazini yenye midomo iliyopinda, inakwama kabla haijamaliza boksi la kwanza la risasi. Kuna waliosema bastola mpya ya bei rahisi ni kama kiatu kipya, uivumilie mpaka ikuzoee, halafu inakula risasi ya aina yoyote. Na kuna waliosema raha haitokani na mashine, ukipiga katikati kwa bastola ya hovyo unajua ni wewe umepiga. Niliwasikiliza nikiokota maganda ya risasi. Waliponiuliza, nilisema bastola nzuri ni ile iliyosafishwa, wakaguna, kwa sababu nusu yao hawakusafisha.

Mkuu wa upande wa kwanza alikuwa Monsieur Étienne, daktari wa meno mstaafu na mjumbe wa kamati. Bastola yake ilitengenezwa Uswisi, na aliibeba ndani ya sanduku lenye kitambaa chekundu. Alikuwa mtu mkarimu, mwenye kelele.

Mkuu wa upande wa pili alikuja baadaye kidogo. Alikuwa Papa Faustin, mwenyeji wa Uvira, mhudumu wa wagonjwa katika hospitali kubwa ya Jette. Mtu mfupi, shati limepigwa pasi hata Jumamosi. Bastola yake ilikuwa ya Kituruki, ya bei ya chini kabisa dukani. Miezi ya kwanza ilimsumbua: pini ilikuwa inagonga kwa uvivu na risasi nyingine hazikutoka. Nilimsaidia kubadilisha springi, tukapata aina ya risasi iliyoipenda, ikatulia. Bado mara mojamoja ilikataa, na kila ilipokataa alifanya kama nilivyomfundisha, mtutu mbele, mkono juu, bila haraka, kama mtu anayesubiri taa ya barabarani.

Siku moja nilimuuliza kilichomleta. Wakongo niliowafahamu mtaa wa Matonge hawakuwa na hamu ya kusikia mlio wa bunduki tena, hasa watu wa Kivu kama yeye.

"Maman Rehema," alisema, "mimi tangu mutoto bunduki niliionaka tu kwa mikono ya wengine. Walitutoa ku nyumba nayo. Walimuua kaka yangu nayo. Alors, nikasema, acha siku moja nishike yangu, nipige, na hakuna muntu anakufa. Nikimaliza, nakunja karatasi, narudi nyumbani kwa muke wangu Odette. Ni ile tu."

"Na Maman Odette anasemaje?"

"Anasema niko mupumbavu." Akacheka kidogo. "Bon, labda."

Yeye na Étienne walipendana, ingawa asiyewajua asingedhani. Étienne alikuwa akimwekea kiti baa. Walibishana kwa Kifaransa, naye Étienne alikuwa anaiita bastola ya mwenzake kikaango.

"Kikaango chako kitakusaliti," alikuwa anasema.

"Kikaango kinanilisha," Faustin alijibu. "Yako umeinunua ili ikae kwenye kitambaa."

Jumamosi moja ya majira ya baridi wakakubaliana kubadilishana. Kila mmoja apige na silaha ya mwenzake, na atakayeshindwa anunue bia. Jambo hilo linaruhusiwa nikiwa nimesimama nyuma yao, nami nilikuwa nimesimama nyuma yao. Nilikagua zote mbili. Niliwakumbusha kanuni, kama tunavyofanya kila mara, na Étienne akaniitikia kwa uvumilivu wa mtu anayeelezwa jinsi ya kupiga mswaki.

Faustin alipiga kwanza na ile ya Kiswisi. Alipiga vizuri sana. Aliiweka chini ikiwa wazi, akarudi nyuma ya mstari wa manjano, akasimama kando yangu akitabasamu, mikono nyuma.

Étienne akachukua ya Kituruki. Alipiga mara kadhaa, karatasi ikatoboka karibu na katikati, na nikamwona bega lake limekasirika, kwa sababu ilikuwa inapiga vizuri. Kisha akabonyeza kifyatulio, nyundo ikagonga, tukasikia tak tu. Risasi haikutoka.

Nikasema, "Mtutu mbele."

Aligeuka. Hakugeuza shingo, aligeuka mwili mzima, na bastola mkononi, uso umejaa furaha. "Mnaona?" alisema. "Nilisema nini?" Nikapiga kelele, na Jef alisema kweli, nilipiga kelele kwa Kiswahili: "Mbele, mbele!" Étienne alikuwa tayari amebonyeza mara ya pili, kutuonyesha jinsi ilivyokufa. Nyundo ya aina ile inagonga tena ukibonyeza tena. Ikalia.

Faustin aliketi chini taratibu, mgongo ukutani. Risasi ilikuwa imempata tumboni, upande wa chini. Niligonga kitufe chekundu, taa zikawaka zote, nikamfuata kwa magoti na begi la huduma ya kwanza. Étienne aliiweka bastola mezani kwa adabu kabisa, mtutu mbele.

"Bonyeza, Maman," Faustin aliniambia. Sauti yake ilikuwa ya kazini. "Bonyeza zaidi. Usiogope kuniumiza. Waambie ambulance ni tumbo, niko na akili, sijakunywa."

Nilibonyeza mpaka walipokuja. Walimpeleka Jette. Madaktari wa dharura walimjua kwa jina, na mwuguzi aliyekata shati lake alikuwa mtu wa zamu yake.

Alikaa huko wiki nyingi, akapasuliwa mara kadhaa, akapata nafuu, kisha usaha ukaanza ndani. Nilikwenda kila nilipopata nafasi. Maman Odette alikuwa hapo daima, mwanamke mrefu, mnyamavu, anatoka kusafisha ofisi alfajiri na kuja moja kwa moja na begi lake. Hakunilaumu. Siku ya kwanza aliniuliza kama nimekula.

Étienne alikuwa anakuja pia, lakini alikuwa anaishia kwenye korido. Nilimkuta mara mbili amekaa karibu na mashine ya vinywaji, kofia mapajani. Faustin aliambiwa, akamtuma Odette amwite. Étienne akasema atakuja kesho. Kesho yake hakuja.

Mara ya mwisho Faustin aliponisemesha kwa utulivu, alinishika kifundo cha mkono.

"Maman Rehema, watakuuliza. Sema ile uliona. Usiongeze, usipunguze." Akapumzika. "Mais Étienne asiende gerezani. Muke wake ni mugonjwa."

"Papa Faustin, siwezi kukuahidi yote mawili."

Alifumba macho, nikadhani amelala.

"Donc ahidi ya kwanza," alisema.

Alifariki wiki ile. Walimlilia katika kanisa dogo huko Ixelles, wenzake wa hospitali wamesimama mpaka barabarani, wengine wakiwa bado na sare za kazi.

Sasa niwaambie sehemu ya kazi ambayo haimo kwenye mtihani. Kamati iliniita. Rais wa klabu alikuwa mwanasheria, mtu wa sauti ya chini. Étienne hakuwepo.

"Hakuna mtu anayekuomba uongo," alisema. "Tunakuomba ukumbuke tu kwamba silaha ile ilikuwa na historia. Ilikuwa inakataa. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli. Ilikuwa inakataa."

"Basi wapelelezi waelezwe hivyo. Silaha ya kiwango cha chini, yenye kasoro, iliyoletwa na mwenyewe. Klabu itapona, Étienne atapona. Marehemu hawezi kuumia zaidi."

Sentensi yenyewe ilikuwa kweli, kila neno. Kilichonitisha ni mahali walipotaka kuiweka. Nikamwambia nitawaeleza wapelelezi kwamba bastola ilikuwa inakataa, na kwamba kwa sababu bastola hukataa ndiyo maana tunasimama tukitazama mbele. Akaniuliza kama ninapenda kazi yangu. Nikasema ndiyo. Mazungumzo yakaisha, na wapelelezi niliwaeleza hivyohivyo. Sikufukuzwa, ila kwa mwaka mzima hakuna mjumbe wa kamati aliyenisalimia, na mashine ya kahawa ikawa kwa wanachama tu.

Kesi ilichelewa, kama zinavyochelewa hapa. Siku ilipofika nilikaa na Maman Odette. Kifaransa chake kilikuwa cha sokoni na kazini, cha mahakama kilimpita juu ya kichwa. Wakili wa Étienne alileta mtaalamu, upande wa pili ukaleta wake, na asubuhi nzima wakabishana: uimara wa pini, ugumu wa fataki, bastola za bei rahisi zinaaminika kiasi gani. Mmoja alisema zinasaliti. Mwingine akasema zikizoewa hazina tatizo. Niliwahi kuyasikia maneno yale yote, yakiwa na bia.

Odette akaniinamia. "Wanasema nini?"

"Wanabishana kama bastola ilikuwa nzuri au mbaya."

"Na Faustin?"

"Bado hawajamfikia."

Alitazama mbele, mikono juu ya begi. Sijui Étienne alisikia nini kutoka kule alikokaa, maana tulizungumza kwa Kiswahili na kwa sauti ya chini. Lakini alikuwa ametutazama. Alimgusa wakili wake mkono. Wakili akaendelea. Akamgusa tena, kisha akasimama mwenyewe, mzee kuliko nilivyomkumbuka, na jaji akamruhusu.

"Bastola ilikuwa nzuri," alisema. "Ilinikasirisha jinsi ilivyokuwa nzuri. Ilipokataa nilifurahi. Madame aliniambia nitazame mbele, nikageuka, kwa sababu nilitaka aone uso wangu." Akamtazama Odette. "Faustin. Nilitaka Faustin aone uso wangu."

Alipewa kifungo kilichosimamishwa, hakuingia gerezani. Kibali chake cha silaha kilifutwa, ingawa nadhani asingekitumia tena. Nje ya mahakama alimwendea Odette, kofia mkononi.

"Alikuita uingie," Odette alimwambia kwa Kifaransa. "Hukuingia."

Akaondoka, nami nikamfuata.

Klabu ilibadilisha rais. Kanuni zikaongezwa ukutani. Kubadilishana bastola kukapigwa marufuku. Ubishi wa baa ulinyamaza msimu mmoja, kisha ukarudi, kwa sauti ndogo kwanza, halafu kwa sauti ileile. Kuna wanachama wapya ambao hawajui kitu, na wana bastola za bei rahisi zinazofanya kazi vizuri kabisa. Wafundisheni. Fokeni.

Kazi yangu ya mwisho iliyohusu jambo hili sikuifanya uwanjani. Mahakama ilipomaliza na ushahidi, bastola ikawa mali ya mrithi, na Odette akaandikiwa aamue. Alinipigia simu. Alisema hawezi kuiacha ikae mahali, hata kabatini kwa serikali. Anataka ivunjwe, na anaogopa kwenda peke yake.

Tulikutana kituo cha polisi asubuhi ya mvua. Ilikuwa juu ya kaunta ndani ya mfuko wa plastiki, ndogo, nyeusi, na alama ya mkwaruzo niliyoifanya mimi siku ya kubadilisha springi. Odette alikuwa hajawahi kuiona. Miaka yote ile Faustin alikuwa akiifungia kwenye sanduku lake la chuma na hakuwahi kuitoa mbele yake. Aliiangalia kama mtu anavyomwangalia mwanamke mwingine wa mumewe: hakuwa na hasira, alitaka kujua tu.

Karani alikuwa kijana mwenye heshima. Aliuliza jina, anwani, uhusiano na marehemu. Akaandika aina ya silaha na nchi ilikotoka. Kisha akauliza, bila kuinua macho, kwa sababu ni swali wanalomuuliza kila mtu:

"Inafanya kazi?"

Nilifungua kinywa nijibu. Hayo ni mambo yangu.

"Ndiyo," Odette alisema. "Inafanya kazi."

Karani akaandika. Odette akatia sahihi, akafunga begi lake, na tukatoka kungoja basi, kwa sababu mchana alikuwa na zamu.